Kabla ya kuukimbilia mvumo mpya wa mtandaoni, tuulize ni nani anayeshika daftari la hesabu

Mleta uzi:

Wakuu, salaam kwenu nyote. Uzi huu ni mrefu, hivyo mwenye haraka auweke akiba ausome akitulia, kwa sababu hoja yake ikikatwa vipande itaonekana kama malalamiko ya mtu anayechukia kila kilicho kipya, na mimi si mtu huyo.

Nimefanya kazi ya kuhariri maandishi ya mtandaoni kwa miaka mingi, na katika muda huo nimetangaziwa mazishi ya maandishi mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Kwanza yangezikwa na video, kisha na matangazo ya moja kwa moja, kisha na roboti za mazungumzo, kisha na vyumba vya gumzo la sauti, kisha na ulimwengu unaoingiwa kwa kuvaa miwani. Kila tangazo lilikuja na mchoro wenye mstari unaopanda, na karibu kila mara aliyeuchora mstari huo alikuwa na kitu cha kuuza. Hoja yangu inahusu hatua moja ambayo wengi wetu huiruka: kabla ya kukubali kwamba jambo fulani ndilo linalokuja, tuulize takwimu zake zimehesabiwa na nani, zimehesabiwa kwa njia gani, na mhesabu huyo anapata nini sisi tukiziamini.

Nianze na mfano ulionipitia mwenyewe. Kati ya mwaka 2015 na 2017, vyombo vingi vya habari vya mtandaoni, hasa vya Marekani, viliamua kupunguza waandishi na kuajiri watu wa video. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba watu hawasomi tena, wanatazama, na miongoni mwa ushahidi ulioegemewa zaidi ni takwimu za Facebook kuhusu wastani wa muda ambao mtu hutumia kutazama video moja. Septemba 2016 Facebook yenyewe ilikiri kwamba wastani huo ulikuwa umekosewa kwa takriban miaka miwili. Kosa lenyewe halihitaji mtaalamu kulielewa. Walichukua jumla ya muda wote uliotumika kutazama, wakaigawanya kwa idadi ya watu waliofikisha sekunde tatu tu, na wale waliopita haraka bila kufikisha sekunde hizo wakaachwa nje ya kigawanyo. Ni sawa na mwalimu mwenye wanafunzi kumi, watatu wamefaulu na saba wameambulia karibu sifuri, halafu akajumlisha alama za wote na kuzigawanya kwa tatu. Darasa lote litaonekana limejaa vipaji.

Facebook ilisema muda huo ulizidishwa kwa kati ya asilimia 60 na 80. Watoa matangazo waliofungua kesi huko California walidai mwaka 2018 kwamba uzidishaji ulikuwa mkubwa zaidi ya hapo, kati ya asilimia 150 na 900, na mwaka 2019 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 40 ili kuimaliza kesi bila kukiri hatia. Kiasi hicho kwa kampuni ya ukubwa ule ni kama mtu kulipa faini ya kuegesha gari vibaya.

Waliolipa zaidi walikuwa wengine. Chukueni Mic, tovuti ya habari iliyokuwa ikisifiwa kwa kuwafahamu vijana. Agosti 2017 iliwaachisha kazi waandishi ili kuelekeza nguvu kwenye video. Novemba 2018, muda mfupi baada ya Facebook kusitisha kipindi ilichokuwa ikikinunua kutoka kwao, iliachisha kazi karibu wafanyakazi wote na kuuzwa kwa kampuni nyingine ya tovuti, Bustle. Sisemi kwamba kosa la hesabu peke yake ndilo lililoimaliza, kwa kuwa biashara ile ilikuwa na matatizo mengine. Ninachosema ni kwamba uamuzi usioweza kurudishwa nyuma ulijengwa juu ya namba ambayo aliyeitegemea hakuwa na njia yoyote ya kuikagua.

Katika ofisi niliyokuwa mimi, ambayo sitaitaja, tulifanya hivyohivyo kwa kipimo kidogo. Safu mbili za uchambuzi zilifutwa na fedha zake zikanunua kamera na taa. Baada ya mwaka na miezi kadhaa uongozi ulitambua kwamba video hazijilipi, ukaamuru safu zile zirudishwe. Safu zilirudi, wasomaji hawakurudi. Kulikuwa na watu waliokuwa wakituandikia barua ndefu kila wiki kutusahihisha, wengine wakali kweli, na hao walikuwa wameshapata pa kwenda. Tangu wakati huo huwa siwezi kuuangalia mvumo kwa kuuliza gharama ya kitu kipya tu, kwa sababu mara nyingi kitu kipya ni cha bei nafuu, bali gharama yenyewe imo katika kile unachoambiwa ukiache ili ukikimbilie.

Mwaka huohuo wa 2016 kulitokea kisa cha tikiti maji. Mwezi Aprili, wafanyakazi wawili wa BuzzFeed, tovuti ya Marekani ya habari na burudani, walilivalisha tikiti maji vipete vya raba vya kufungia vitu, kimoja baada ya kingine, kwa takriban dakika 45, wakirusha tukio hilo moja kwa moja kupitia Facebook, na lilipokaribia kupasuka zaidi ya watu 800,000 walikuwa wakitazama kwa wakati mmoja. Kwa wiki kadhaa tikiti hilo lilitajwa katika mikutano kama ushahidi kwamba utangazaji wa moja kwa moja ndio mustakabali wa uandishi wa habari. Wakati huo Facebook ilikuwa ikivilipa vyombo vya habari, BuzzFeed ikiwemo, ili vitumie huduma hiyo, jambo ambalo katika mikutano hiyo lilitajwa kwa sauti ya chini sana. Mimi naamini tikiti lile lilithibitisha kwamba watu hupenda kutazama tikiti maji linalokaribia kupasuka, na si zaidi ya hapo.

Kuna swali la msingi zaidi: kwa nini namba hizi zina nguvu hivi hata kwa watu wenye akili zao? Mwaka 2006 Matthew Salganik, Peter Dodds na Duncan Watts walichapisha katika jarida la Science jaribio lililohusisha zaidi ya watu 14,000 na nyimbo 48 za bendi zisizojulikana. Baadhi ya washiriki walisikiliza na kupakua bila kuona wenzao wamechagua nini. Wengine waligawanywa katika makundi manane, na kila kundi lilionyeshwa idadi ya upakuaji uliofanywa ndani ya kundi hilo pekee. Katika makundi hayo manane, nyimbo zilizotangulia zilizidi kutangulia na zilizoachwa nyuma zilizidi kuachwa, lakini wimbo ulioshika nafasi ya juu katika kundi moja ungeweza kuwa katikati ya orodha katika kundi jingine. Nyimbo nzuri kabisa hazikushindwa vibaya mara nyingi, na zile mbovu kabisa hazikushinda mara nyingi. Zilizobaki, ambazo ndizo nyingi, zingeweza kuishia popote. Namba iliyowekwa ili kupima moto iligeuka kuwa kuni. Kwa hiyo mtu anapoonyesha kwamba jambo fulani linavuma na kusema limevuma kwa ubora wake, kumbuka kwamba lingeanza siku nyingine na watu wengine, huenda leo tungekuwa tunazungumzia jambo jingine kabisa kwa uhakika uleule.

Wahenga walisema ngoma ikivuma sana hupasuka. Hawakuongeza kwamba mpigaji huwa ameshalipwa kabla haijapasuka, na mwenye kuachwa na vipande ni yule aliyeinunua siku ya mwisho.

Nawasilisha. Anayepinga namkaribisha zaidi kuliko anayeunga mkono.

Mchangiaji wa kwanza:

Mleta uzi, nimekusoma hadi mwisho na nakubaliana nawe kuhusu video, lakini umechagua mifano inayokupendelea. Wenye shaka nao wana makaburi yao. Februari 1995 Clifford Stoll, mwanaastronomia aliyekuwa ametumia mitandao ya kompyuta kwa miongo miwili, aliandika katika jarida la Newsweek kwamba ni upuuzi kudhani hifadhidata ya mtandaoni itachukua nafasi ya gazeti la kila siku, au kwamba watu watanunua vitabu na magazeti kupitia intaneti. Hakuwa mjinga wala mgeni wa mambo hayo, na mwaka 2010 alikiri hadharani kwamba alikosea vibaya. Mtu aliyemsikiliza mwaka ule akafunga mlango wake alipata hasara kubwa kuliko aliyenunua kamera na taa. Sasa utatuambiaje tofauti ya shaka yako na shaka ya Stoll?

Mleta uzi:

Ndugu yangu, hilo ndilo swali nililotarajia na nalishukuru. Nimeisoma hoja ya Stoll zaidi ya mara moja, na kinachoshangaza ni kwamba kasoro nyingi alizozitaja zilikuwepo kweli. Alisema hakuna njia ya kuaminika ya kutuma fedha mtandaoni, na mwaka 1995 hiyo ilikuwa kweli. Alisema taarifa zimerundikana bila kupangwa wala kuchujwa, nalo lilikuwa kweli. Alichokosea ni kuzichukulia kasoro hizo kama maumbile, ilhali ilitosha kuwepo watu walioona kwamba anayezitatua atatajirika. Google ilianzishwa mwaka 1998 ili kupanga lile rundo lililomchosha.

Tangu hapo nimejizoesha kutofautisha kasoro ya bomba na kasoro ya kiu. Kuna kitu ambacho watu wanakitaka lakini hakiwafikii vizuri, na kuna kitu kinachowafikia vizuri sana lakini hawakitaki. Kasoro ya kwanza hutibika kwa muda na fedha, lakini ya pili huchelewesha tu mazishi. Mfano wa bomba ni PointCast, programu iliyovuma mwaka 1997 kwa kusukuma habari hadi kwenye kompyuta ya mtu pasipo yeye kuzitafuta. Machi mwaka huo jarida la Wired lilitumia jalada lake kutangaza kwamba vivinjari, yaani programu za kufungulia kurasa za mtandao, vinaagwa. Kampuni ya habari ya News Corp ilitoa ofa ya dola milioni 450 kuinunua PointCast, mazungumzo yakavunjika, na mwaka 1999 ikauzwa kwa takriban dola milioni 7. Mitandao ya wakati ule ilikuwa myembamba, programu ile iliisonga hadi baadhi ya ofisi zikaipiga marufuku. Lakini angalia simu yako sasa hivi: arifa zinazokuingilia bila kuziita ni wazo lilelile. Wazo lilikuwa sahihi, na bado kila aliyeweka fedha zake pale kwa bei ya 1997 angezipoteza.

Mfano wa kiu ni Quibi, huduma ya video ya kulipia. Ilikusanya dola bilioni 1.75, ikazinduliwa Aprili 2020 kwa vipindi vya dakika zisizozidi kumi vya kutazamwa kwenye simu, na Oktoba mwaka huohuo ikatangaza kufungwa. Bomba lilikuwa zuri, waigizaji walikuwa mashuhuri, ila watu walikuwa tayari na video fupi za bure nyingi kuliko muda wa kuzitazama. Kuhusu ulimwengu wa miwani sitatumia maneno mengi. Facebook ilibadilisha jina kuwa Meta Oktoba 2021 kwa ajili yake, na kitengo kinachohusika kilipata hasara ya zaidi ya dola bilioni 13 mwaka 2022 na zaidi ya bilioni 16 mwaka 2023. Huenda siku moja hasara hizo zikaitwa mtaji. Kwa sasa ni hasara.

Mchangiaji wa pili:

Mkuu, mimi naendesha chaneli ndogo ya mafunzo kwa njia ya video, na nataka kuongeza jambo moja kuhusu daftari ulilolitaja. Tangu tarehe 31 Machi 2025 YouTube inaihesabu video fupi kuwa imetazamwa pindi inapoanza kucheza au kujirudia, bila kuhitaji mtazamaji akae muda wowote. Namba zangu zilipanda siku chache baadaye, na ndugu wawili walinipigia simu kunipongeza. Hakuna mtazamaji hata mmoja aliyeongezeka. Mapato hayakubadilika pia, kwa kuwa malipo yaliendelea kufuata kipimo cha zamani ambacho bado kipo ndani ya ukurasa wa takwimu, ila sasa kimepewa jina jingine. Sidai kwamba kuna udanganyifu, kwa kuwa kampuni ilitangaza mabadiliko hayo wazi. Lakini mtu atakayechora mstari wake kuanzia Januari hadi Desemba mwaka ule ataona kupanda kwa ajabu, na ataandika makala ndefu kueleza jinsi tabia za watazamaji zilivyobadilika.

Mchangiaji wa tatu:

Nimefuatilia mjadala kimya kimya. Naomba mleta uzi asituache kwenye historia peke yake. Kila mkutano ninaoingia siku hizi unahusu akili mnemba, na tunaambiwa chombo kisichoiweka katikati ya uandishi wake kitakufa. Je, hii ni bomba au kiu?

Mleta uzi:

Kiu ipo, na ningekuwa mwongo kuikana. Watu wanazitumia programu hizo kila siku bila kuamriwa na mtu, wanalipia kwa fedha zao, wanazitumia hata pale mwajiri anapozikataza. Mvumo wa namna hiyo haufanani na miwani. Lakini sentensi uliyoambiwa mkutanoni ina madai mawili yaliyofungwa pamoja: kwamba chombo hiki kina manufaa, na kwamba kwa sababu hiyo chumba cha habari kikabidhi uandishi wake kwake. Dai la kwanza lina ushahidi mwingi. La pili linatumia ushahidi wa la kwanza kama nguo ya kuazima.

CNET, tovuti ya Marekani ya habari za teknolojia, ilianza Novemba 2022 kuchapisha makala za masuala ya fedha zilizoandikwa kwa msaada wa programu ya aina hiyo, na ilipofanya ukaguzi Januari 2023 ililazimika kuweka masahihisho katika makala 41 kati ya 77. Baadhi yalikuwa makosa ya hesabu ya riba, yaani jambo ambalo msomaji wa makala ya fedha analijia pale. Mwezi huohuo BuzzFeed ilitangaza kwamba itatumia akili mnemba kutengeneza maswali yake ya kujipima na maudhui mengine, na bei ya hisa zake ikapanda zaidi ya maradufu ndani ya siku moja. Hakukuwa na msomaji mpya siku ile, kulikuwa na neno jipya. Aprili 2023 kampuni hiyohiyo ilitangaza kukifunga kitengo chake cha habari, kilichokuwa kimeshinda tuzo ya Pulitzer mwaka 2021.

Kwa ulinganifu, angalia podikasti, yaani vipindi vya sauti vya mtandaoni. Jina lilipatikana mwaka 2004, Apple ikaziingiza katika iTunes mwaka 2005, kisha kwa karibu miaka kumi zikakua polepole huku wengi wakizitangaza kuwa zimekufa, hadi mwaka 2014 kipindi cha Serial kilipozipeleka kwa watu wengi. Waliosikiliza miaka ile ya ukimya walisikiliza kwa sababu walipenda. Fedha kubwa zilikuja baadaye, Spotify ikainunua Gimlet, kampuni ya kutengeneza podikasti, mwaka 2019 kwa takriban dola milioni 230, na mwaka 2023 ikaanza kupunguza watu na kuunganisha vitengo. Podikasti hazikufa wakati wa ununuzi wala wakati wa upunguzaji. Kilichopanda na kushuka ni bei ambayo watu wa nje walizipangia. Ndiyo maana mtu akiniletea mvumo, namba ninayoitafuta kwanza ni ya wale waliorudi wenyewe mwezi wa pili na wa tatu, baada ya zawadi, matangazo na udadisi kwisha. Idadi ya waliojiunga wiki ya kwanza hunieleza tu kwamba mlango ulikuwa wazi.

Mchangiaji wa tatu:

Nimekuelewa, mkuu, na nitalijaribu. Wiki ijayo kuna muuzaji wa huduma moja anakuja ofisini kwetu na mchoro wake, nami nimepewa dakika tano za maswali. Nitarudi kuwaeleza.

Mchangiaji wa tatu:

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi. Mchoro ulikuwepo na mstari ulipanda. Niliuliza namba ile inamhesabu nani, akajibu ni watumiaji waliosajiliwa. Nikauliza ni wangapi kati yao walirudi baada ya siku thelathini. Chumba kilinyamaza kidogo, kisha akasema takwimu hiyo wanayo ila hakuja nayo, na kwamba angeituma jioni kwa barua pepe. Mkurugenzi wetu akaamua kwamba safu za zamani zisiguswe hadi itakapofika. Leo ni siku ya tisa.